Barafu ya Bawa na Barafu ya Kabureta

Mfasiri aletewapo kitabu cha mtambo wa kuigiza urubani huandika "barafu" akadhani kazi imekwisha. Sisi tumeona haitoshi. Mtambo uliotengenezwa kwa kufuata hali ya nchi za kaskazini ya mbali waweza kuiga vyema theluji, lakini rubani wa ndege ndogo aendaye Natta, wilayani Serengeti, ana barafu nyingine ya kujihadhari nayo.

Barafu ya kwanza hushika bawa. Matone ya wingu yaliyo chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, ambayo bado ni maji, huganda mara yagusapo bawa. Katika nchi za ikweta baridi hiyo huanzia kimo cha mita 4,500 hivi, au zaidi. Barafu ya pili huganda ndani ya kabureta: petroli igeukapo mvuke na hewa ipanukapo, joto hushuka mno, hata siku ya nyuzi 25 yenye unyevu mwingi. Injini hupungua nguvu, na yaweza kuzimika. Tiba yake ni kufungulia kabureta hewa ya moto.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili: barafu ya bawa na barafu ya kabureta. Neno theluji libakie kwa ile iangukayo kutoka mawinguni. Mwalimu akizichanganya, mwanafunzi atakodolea macho mabawa makavu ilhali injini inazimika.