Mtu Asiyeweza Kuikumbuka Jana

Watu wengi hudhani ya kuwa kumbukumbu ya mwanadamu ni kama kikapu kimoja. Kila neno alisikialo na kila jambo alionalo hutiwa humo, na akilihitaji hutia mkono akalitoa. Lakini mtu mmoja wa Marekani, kwa msiba uliompata, aliwafundisha wenye elimu kwamba sivyo.

Mtu huyo aliitwa Henry Molaison, naye alizaliwa mwaka 1926. Tangu utoto alishikwa na kifafa, na alipokua ugonjwa ukazidi, hata asiweze kufanya kazi vizuri, na dawa hazikumponya. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari aitwaye William Scoville alimpasua katika mji wa Hartford. Akaondoa sehemu ya ubongo iliyo ndani, usawa wa masikio, upande wa kulia na wa kushoto. Katika sehemu hiyo mna kiungo kiitwacho hipokampasi. Jina hilo latoka katika Kiyunani, na maana yake ni farasi wa baharini, kwa sababu kiungo hicho kimepindika kama kiumbe huyo mdogo.

Kifafa kilipungua sana, lakini likaonekana jambo la kusikitisha. Henry aliwajua wazazi wake, alikumbuka mambo ya utoto wake, alizungumza vizuri, wala akili yake haikupungua. Ila jambo jipya halikukaa kwake. Mtu aliyezungumza naye, akitoka chumbani na kurudi baada ya kitambo, alikuwa mgeni tena. Gazeti alilolisoma leo alilisoma tena kesho, na kwake lilikuwa jipya. Daktari Scoville alipoona hayo, aliwaonya madaktari wenzake juu ya hatari ya upasuaji wa namna hiyo.

Mwaka 1955 mtaalamu aitwaye Bibi Brenda Milner alikuja kutoka Montreal, katika nchi ya Kanada, ampime Henry. Siku moja alimpa namba 584 aishike. Henry akakaa kimya akiirudia rudia moyoni, na baada ya yapata robo saa aliitaja bila kosa. Lakini fikira zake zilipogeuzwa kwa mambo mengine, namba ikapotea, wala hakukumbuka kwamba amepata kupewa namba yoyote. Hivyo ikajulikana ya kuwa kushika neno kwa kitambo ni kazi moja, na kuliweka akiba ni kazi nyingine. Henry aliweza ile ya kwanza. Ya pili ilikuwa imemtoka pamoja na hipokampasi.

Tena Bibi Milner alimpa karatasi iliyochorwa nyota yenye mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine. Akamwambia apitishe kalamu katikati pasipo kugusa mistari. Lakini karatasi na mkono vilifichwa, asivione ila katika kioo. Kazi hiyo ni ngumu, maana katika kioo mambo hugeuka, na mkono hupotea njia. Siku ya kwanza Henry alikosea mara nyingi, kama mtu mwingine yeyote. Siku ya pili makosa yakapungua. Siku ya tatu alichora vizuri, akastaajabu mwenyewe, kwa kuwa aliidhani kazi ngumu. Na kila siku hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya.

Basi mkono wake ulijifunza, na mwenyewe hana habari. Sababu yake ni hii: ustadi wa mkono huwekwa katika sehemu nyingine za ubongo, ambazo hazikuguswa na kisu. Twaweza kuona mfano wake kwa msuka ukili. Vidole vyake vyaenda huku yeye akizungumza na jirani, lakini akiulizwa ni siku gani alifundishwa kazi hiyo, pengine hawezi kusema. Ustadi umekaa, habari ya siku ile imetoweka.

Henry alikubali kupimwa kwa muda wa zaidi ya miaka 50, kwa upole na saburi. Mtaalamu mwingine, Bibi Suzanne Corkin, alionana naye kwanza mwaka 1962 akaendelea kumpima mpaka mwisho, lakini Henry hakuweza kumtambua kuwa ni nani. Alikufa tarehe 2 Desemba 2008, akiwa na miaka 82. Katika vitabu alikuwa akiitwa H.M. tu, ili asijulikane, na jina lake kamili lilitangazwa alipokwisha kufa. Mwaka 2009, huko California, ubongo wake ulikatwa vipande vyembamba 2,401, ili wataalamu wazidi kuuchunguza.

Habari hizi zamfaa kila mwanafunzi. Mtoto arudiaye maneno kwa midomo mpaka mwalimu apite, afanya kama Henry na ile namba 584: ameyashika, hajayaweka. Atakaye kuyaweka na ayafikiri maana yake, ayaunganishe na mambo anayoyajua, ayarudie kesho na kesho kutwa, tena ajiulize mwenyewe kitabu kikiwa kimefungwa. Na kazi ya mkono haipatikani kwa kusimuliwa. Hupatikana kwa kuifanya mara nyingi. Haba na haba hujaza kibaba. Henry hakuwa na njia ya kuiweka leo yake hata kesho. Mwenye njia hiyo, asiiache bure.

Maswali
1. Kwa nini Henry alipasuliwa, na alipata faida gani na hasara gani?
2. Namba 584 yatufundisha nini?
3. Eleza jinsi mtu awezavyo kujua kazi asiyokumbuka kujifunza.