Je, Wajua? Kimbunga Huweza Kuporomosha Sakafu ya Bahari

Kimbunga kinapopita juu ya jukwaa la kuchimbia mafuta, macho yote huelekea angani na kwenye mawimbi. Lakini katika Ghuba ya Mexico, mbele ya mdomo wa mto Mississippi, baadhi ya majukwaa hayakuangushwa na upepo. Yaliangushwa na tope lililoteleza chini ya miguu yake.

Mississippi humwaga baharini mchanga laini na udongo mwingi kila mwaka. Mashapo haya hurundikana upesi kuliko maji yaliyomo yanavyoweza kukamuka, na mabaki ya mimea na viumbe yakioza ndani yake hutoa gesi ya methani. Matokeo yake ni tope lisiloshikana, mfano wa uji ulioanza kupoa: juu umefanya utando, ndani bado unatikisika. Kwenye tope la namna hiyo hakuhitajiki mlima. Mteremko usiofika hata nyuzi 2 unatosha.

Kinachokosekana ni msukumo tu, na huo huletwa na mawimbi. Nguvu ya wimbi hushuka hadi kina kinachokaribia nusu ya umbali kati ya kilele kimoja na kingine. Mawimbi ya kawaida hayafiki mbali, ila ya kimbunga kikali huweza kuachana kwa mita 300, hivyo huigusa sakafu iliyo mita 100 na zaidi chini. Kilele kikipita, sakafu hukandamizwa. Bonde likifuata, mgandamizo hulegea. Baada ya saa kadhaa za kusukwa hivyo, tope hupoteza nguvu yake na kuanza kutiririka, likizoa mabomba na nguzo.

Wahandisi walilifahamu jambo hili kwa hasara. Agosti 1969, kimbunga Camille kilipita na jukwaa moja la kampuni ya Shell, lililokuwa jipya katika eneo la South Pass, likaanguka na kuburutwa kuelekea kina kirefu. Uchunguzi ulionyesha kuwa sakafu yenyewe ilikuwa imehama.

Septemba 2004 ikawa zamu ya kimbunga Ivan. Jukwaa la Taylor Energy, lililosimama tangu 1984 kwenye maji ya takriban mita 140, lilizolewa zaidi ya mita 100 kutoka mahali pake. Visima vyake zaidi ya 20 vikafukiwa na tope zito, na kuviziba kukawa kazi ngumu mno. Mafuta yaliendelea kuvuja kwa karibu miaka 15, hadi mwaka 2019 ulipofungwa mtambo wa kuyakinga chini baharini.

Siku hizi, kabla ya kusimamisha jukwaa, kampuni huchora ramani ya sakafu kwa mawimbi ya sauti na kuchukua sampuli za udongo. Nguzo hupigiliwa zipite tope legevu na kushika tabaka gumu, au eneo lote huepukwa. Hata hivyo, vipimo vya kurudiarudia vimeonyesha kuwa tope la Mississippi husogea hata katika miaka isiyo na kimbunga kikubwa. Kwa hiyo ramani iliyochorwa miaka michache iliyopita huenda leo haifai tena kupitishia bomba.