Uwanja wa Pioneer hauna budi kuandikwa kwenye mpango

MTOTO wa mtaa wa Pioneer, jijini Eldoret, anapotafuta mahali pa kusakata kandanda, haulizi kiwanja ni cha nani. Swali hilo huzuka siku lori linapomwaga mawe ya ujenzi kati ya magoli mawili, na wakati huo aghalabu huwa pameshakucha.

Wengi hudhani kwamba uwanja, maktaba au ukumbi wa ngoma ni hisani ya mwanasiasa. La hasha. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti jukumu la utamaduni, burudani ya umma, maktaba, makavazi, michezo na bustani. Kaunti ya Uasin Gishu, basi, inawajibika kwa huduma hizo jinsi inavyowajibika kwa zahanati.

Mpango mzuri huanza kwa kuhesabu kilichopo. Eldoret, iliyotangazwa kuwa jiji Agosti 15, 2024, ina Uwanja wa Kipchoge Keino na Uwanja wa 64. Hata hivyo, uwanja wa jiji zima hauwezi kuchukua nafasi ya uwanja wa mtaa. Umoja wa Mataifa, unapopima lengo lake la maendeleo kuhusu miji, huangalia iwapo mkazi anapata eneo la wazi la umma katika umbali wa mita 400 kutoka kwake. Mzazi yeyote wa Pioneer anaweza kuupima umbali huo kwa miguu.

Hatua ya pili ni kuwauliza watumiaji. Vijana watataka uwanja, wanafunzi chumba tulivu cha kusomea, wazee mahali pa kukutania, na vikundi vya ngoma ukumbi wa mazoezi. Wasichana watauliza kuhusu taa na vyoo. Anayetumia kiti cha magurudumu atauliza kuhusu mlango. Wasipoulizwa hawa, jengo litapendeza machoni lakini litabaki tupu.

Ya tatu, na ndiyo ngumu zaidi, ni ardhi. Shamba kubwa linapogawanywa kuwa ploti za makazi, sehemu fulani hutengwa kwa matumizi ya umma. Kutengwa kwenye ramani pekee hakutoshi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini, vikiwemo viwanja vya kuchezea, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kiwanja kipimwe, kisajiliwe kwa jina la umma na kuwekewa ua kabla ya kuzungumzia jukwaa la watazamaji.

Baada ya ardhi huja fedha, nazo zina kalenda yake. Kaunti huandaa mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kutokana nao, mpango wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Sheria inaagiza umma ushirikishwe katika mambo haya. Anayepeleka ombi lake mwezi Juni hukuta sufuria limekwisha kupakuliwa.

Ombi lenyewe liwe la maandishi, litaje kiwanja, watumiaji na gharama. Isisahaulike gharama ya kuendesha: mshahara wa mlinzi na msimamizi wa maktaba, maji, umeme, kufyeka nyasi. Majengo mengi ya umma hufunguliwa kwa mbwembwe kisha yakafungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyezitengea fedha siku zinazofuata sherehe.

Kwa Eldoret, jambo hili si la anasa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwatenganisha majirani waliokuwa wamekaa pamoja miaka mingi. Timu ya mtaa huchagua mchezaji kwa uhodari wake, na kwenye maktaba watoto wa jamii mbalimbali huketi meza moja. Mahali kama hapo hapajitokezi penyewe. Hupangwa, na atakayepadai kwanza ni mkazi wa Pioneer mwenyewe, kabla ya lori la mawe kufika.