Nguzo 50 Zenye Uso wa Mandela

Anayeifikia sanamu ya Nelson Mandela nje ya mji wa Howick, Afrika Kusini, kwa kupitia ubavuni haoni mtu. Anaona nguzo za chuma zenye kingo zilizokatwakatwa, zimetawanyika nyasini bila mpangilio wa kueleweka. Asogee hadi mbele, mita 35 hivi kutoka kwenye nguzo, ndipo nguzo zote 50 zinapokutana machoni na uso wa Mandela unatokea, ukitazama upande.

Msanii Marco Cianfanelli ndiye aliyeibuni sanamu hiyo, akishirikiana na msanifu majengo Jeremy Rose. Ilizinduliwa Agosti 2012, miaka 50 tangu polisi walipolisimamisha gari alimokuwa Mandela na kumkamata katika barabara ya hapo, Agosti 5, 1962, naye akijifanya dereva. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka safari ndefu ya kukitafutia chama chake cha ANC uungwaji mkono, safari iliyompitisha Mbeya na Dar es Salaam, alikoonana na Julius Nyerere.

Uso huo hutokeaje? Picha ya Mandela iligawanywa vipande vyembamba, kila nguzo ikapewa kipande chake na kukatwa kwa leza. Nguzo hiyo hiyo moja hunenepa mahali panapohitaji kivuli cha shavu, kisha hukonda ili mwanga wa paji la uso upite. Kazi ngumu zaidi ni vipimo. Nguzo hazikuwekwa katika mstari mmoja. Nyingine ziko mbele, nyingine nyuma, na kitu kilicho mbali huonekana kidogo. Urefu wa nguzo, kati ya mita 6.5 na 9.5, pamoja na mahali pa kila moja, ilibidi vihesabiwe kwa jicho la mtu aliyesimama sehemu moja tu.

Sanamu ya shaba ya Mandela, ya mita 9, iliyoko kwenye majengo ya serikali ya Union Buildings, Pretoria, hutambulika kutoka upande wowote, na hiyo ni sifa njema. Lakini ya Howick inampa mtazamaji kazi: bila miguu yake haikamiliki. Nusu ya sanamu ni uwazi, na mbingu iliyo nyuma ndiyo inayoujaza, kwa hiyo uso wa asubuhi si ule wa jioni.

Wengi huziona nguzo hizo kama nondo za gereza, nao hawajakosea. Cianfanelli ameongeza maana nyingine: wengi wanaounda kitu kimoja, mshikamano. Maana hiyo ya pili ina uzito zaidi, kwani hakuna hata nguzo moja iliyobeba uso mzima wa Mandela.