Dalali Amekudanganya? Usinyamaze

Mwezi uliopita tulikwenda kumjulia hali mama mmoja kijijini, upande wa Handeni. Tulidhani ni chumvi iliyompandisha presha. Kumbe ni shamba! Fedha za mahindi ya misimu miwili alimpa dalali. Shamba aliloonyeshwa lina mwenyewe, na karatasi aliyopewa haina hata muhuri wa kijiji.

"Nitashitaki wapi, dada zangu? Watanicheka."

Akina mama wenzetu, aibu ni ya dalali. Tulikaa naye tukaandika yote: tarehe, kiasi, waliokuwapo, namba ya simu iliyopokea fedha. Tukaanzia kwa mtendaji, kisha Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 wajumbe ni 7, na 3 kati yao ni wanawake. Alipowaona, ulimi ukafunguka. Baraza hilo hupatanisha tu. Tangu 2021 hata Baraza la Kata halitoi tena hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri la ardhi huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tena kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, hivyo polisi nako tulifika (tulisubiri mno!).

Dalali ameitwa Jumatatu. Mama ameomba tumsindikize, na dawa zake sasa anameza.