Namba Iliyolipuliwa

Masanduku mekundu ya barua ya Uingereza yana herufi zilizotokeza kwenye chuma chake: VR, GR, EIIR, na sasa CIIIR. Hii ndiyo monogramu ya kifalme. Herufi ya kwanza ni ya jina la mtawala, mara nyingi hufuata namba yake ya Kirumi kama anayo, kisha R, kifupisho cha neno la Kilatini Rex, mfalme, au Regina, malkia. Taji hukaa juu. Mtawala akiondoka, sanduku haling'olewi. Ndiyo maana Edward VIII, ambaye hakumaliza hata mwaka kwenye kiti mnamo 1936, bado ana masanduku yake machache mitaani.

Wakati fulani iliongezwa herufi I, ya Imperatrix au Imperator, kudai utawala wa India. Dai hilo lilifika hadi kwetu. Shilingi za Afrika Mashariki za miaka ya mwanzo ya George VI zilimtaja kuwa mfalme na kaisari wa India. Zilizopigwa 1948, India ikiwa imeshajitawala, zinamtaja kuwa mfalme tu. Mchuuzi wa Mombasa angeweza kusoma kuporomoka kwa milki kwenye chenji yake.

Lakini hakuna mahali ambapo alama hii ilizua kasheshe kama Uskoti. Novemba 1952 lilizinduliwa sanduku la EIIR, yaani la Malkia Elizabeth II, katika mtaa wa Inch, Edinburgh. Elizabeth I alitawala England, si Uskoti. Alipofariki 1603, Uskoti ilikuwa na mfalme wake, James VI, ambaye ndipo alirithi pia kiti cha London. Kwa Waskoti, basi, malkia mpya alikuwa Elizabeth wa kwanza, na ile II iliichukulia nchi yao kama mkoa uliomezwa. Sanduku lilipakwa lami, likapigwa nyundo, na Februari 1953 likalipuliwa. Waliokwenda mahakamani kuipinga namba hiyo mwaka huohuo walishindwa.

Baruti haitetewi, ila hoja ilikuwa ya haki. Namba ya mfalme huhesabu waliomtangulia, na anayechagua pa kuanzia kuhesabu ameshaamua historia ya nani ndiyo rasmi. Serikali nayo ililielewa hilo. Waziri Mkuu Churchill alipendekeza kwamba tangu hapo itumike namba iliyo kubwa zaidi kati ya hesabu ya England na ya Uskoti. Kwa kanuni hiyo, akija mfalme aitwaye James atakuwa wa nane, kwa hesabu ya Kiskoti. Charles III hakuleta utata, kwa kuwa Charles wawili waliomtangulia walitawala nchi zote mbili. Hata hivyo monogramu yake ina toleo la Uskoti lenye taji la Uskoti, na masanduku yaliyowekwa huko baada ya mgogoro ule yalipewa taji hilo peke yake, bila herufi wala namba.