Jina la Ukoo Lisilo na Ukoo: Asili na Msambao wa Jina Esposito nchini Italia

Makala haya yanafafanua asili na msambao wa Esposito, mojawapo ya majina ya ukoo yanayopatikana kwa wingi nchini Italia, hususan katika jiji la Napoli na mkoa wa Campania. Hoja kuu ni kwamba wingi wa jina hili si ushahidi wa nasaba moja iliyopanuka, kwa kuwa lilitolewa na taasisi kwa watoto ambao ukoo wao haukujulikana.

Kietimolojia, jina hili limetokana na neno la Kilatini expositus, lenye maana ya “aliyewekwa nje”, yaani mtoto aliyeachwa mahali pa wazi ili aokotwe. Kiitaliano cha kawaida husema esposto. Jina la ukoo limehifadhi umbo lililo karibu zaidi na Kilatini, lugha ya rejista za ubatizo.

Jijini Napoli, watoto hao walipokelewa katika Nyumba ya Annunziata, taasisi ya hisani iliyoanzishwa katika karne ya 14. Ukutani mwake palikuwa na ruota, chombo cha mbao chenye umbo la pipa lililozunguka. Aliyemleta mtoto alimweka ndani akiwa upande wa barabarani, kisha chombo kikazungushwa na mtoto akapokelewa bila mletaji kuonekana. Ruota hiyo ilifungwa mwaka 1875. Watoto wengi waliopitia hapo walishiriki jina, bali si damu.

Utaratibu huu haukuwa wa Napoli pekee. Jijini Firenze, jina Innocenti lilitokana na Ospedale degli Innocenti, iliyoanza kupokea watoto mwaka 1445. Jijini Milano, watoto wa Ospedale Maggiore waliitwa Colombo, kwa kuwa nembo yake ilikuwa njiwa. Katika eneo la Roma lilitumika Proietti, yaani “waliotupwa”. Hata hivyo, tahadhari inahitajika: Colombo lina pia asili nyingine, likiwemo jina la mtu binafsi, hivyo si kila mwenye jina hilo anatokana na mtoto aliyeachwa.

Kwa kuwa jina Esposito lilitangaza hali ya kuzaliwa kwa mhusika, utawala wa Joachim Murat, mfalme wa Napoli kati ya 1808 na 1815, ulipiga marufuku kuwapa watoto hao jina hilo. Marufuku hiyo ilikausha chemchemi, lakini haikuzuia mto: waliokwisha kulipata waliwarithisha watoto na wajukuu wao. Hadi leo, kanuni za Italia za usajili wa raia za mwaka 2000 zinakataza kumpa mtoto wa wazazi wasiojulikana jina linalodokeza asili yake.

Kutokana na ufafanuzi huu, istilahi “jina la ukoo” inahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Familia mbili za Esposito zinazoishi mtaa mmoja zaweza kuwa hazina uhusiano wowote wa damu, na mtafiti wa nasaba hulazimika kurejelea rejista za taasisi badala ya kutegemea jina. Aidha, alama iliyokusudiwa kuwatenga wachache imekuwa, kwa wingi wake, jina la kawaida la watu wa Napoli.